Mwaka Nilipofuta Orodha ya Ndalu

Fundi Barasa alipofariki sikwenda kumzika. Nilimtumia mwanawe ujumbe kwamba naumwa mgongo, jambo ambalo ni kweli karibu kila siku, ila siku hiyo mgongo ulikuwa haujambo. Walimzika nyumbani kwake Naitiri, na niliambiwa watu walijaa mpaka barabarani, kila mmoja akieleza jinsi redio yake ya kwanza ilivyopona mikononi mwa marehemu. Wiki tatu baadaye Wafula, huyo mwanawe, alinipigia simu. "Auntie, mwenye nyumba anataka rumu yake. Si ukuje uchukue chenye unataka kabla tutupe hii takataka yote?" Nilifunga duka langu hapa Bungoma, nikaenda Kitale. Chumba kilikuwa kilekile, nyuma ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kuogesha ng'ombe bado imekaa ukutani. Redio zilikuwa zimepangwa kwenye rafu na majina ya wenyewe yameandikwa kwenye vipande vya plasta, wengi wao nina hakika walitangulia kabla ya fundi. Juu ya meza ya kazi palikuwa na spika ya zamani ya redio kubwa, imelazwa kifudifudi, sumaku yake nene imeelekea juu na skrubu zimeishikilia pande zote. Wafula aliniuliza kama ningependa kuichukua iwe ukumbusho. Nilimjibu hapana kwa ukali asioustahili, na kijana wa watu akarudi nyuma.

Sikumweleza, kwa hiyo naeleza hapa. Sumaku hiyo na mkono wangu ndivyo vilivyomkosesha mwanamke mmoja, Mama Nyambura, shamba lake la Ndalu, na ndani ya shamba hilo kaburi la mumewe, ambapo naye alitaka azikwe. Barasa alipokuwa hai niliinyamazia sehemu yake, kwa kumheshimu. Sasa hayupo wa kuaibika ila mimi, na mimi aibu hii nimeizoea.

Ilikuwa mwaka wa tisini na sita. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na cheti cha ufundi wa elektroniki, na hakuna fundi Kitale nzima aliyetaka kukiangalia. Mmoja aliniuliza kama najua kupika chai, kwa sababu aliyekuwa akiwapikia ameolewa. Barasa peke yake ndiye aliyenipa redio iliyokufa na bisibisi, akaketi, akanitazama nusu saa, kisha akaniambia, "Kesho saa mbili. Usichelewe, na usivae hiyo viatu, iko na kelele." Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kikohozi cha moshi wa risasi ya kulehemu, na alikuwa na taratibu zake ambazo hukuruhusiwa kuzivunja. Ya kwanza ilikuwa hiyo ya sumaku. Ukifungua kitu, kila skrubu unaiweka juu ya sumaku, kwa mpangilio ulioitoa nao, ya kwanza juu, ya mwisho chini, ili ukifunga usibaki na hata moja mkononi. Fundi anayebakisha skrubu, alisema, ni kama daktari anayebakisha mkasi. Mafundi wote wa redio wa huku kwetu walifanya hivyo, na ulikuwa utaratibu mzuri kabisa kwa redio. Lakini mwaka ule kompyuta zilikuwa zimeanza kuingia Kitale, moja moja, nyingine zikiwa zawadi za wazungu waliozichoka, na Barasa alikuwa mwepesi wa akili, akajifunza kuzitengeneza kwa kusoma kitabu kimoja kilichochanika jalada. Tulihamia kwenye kompyuta na meza yetu ileile. Hakuna aliyefikiria kuibadilisha meza.

Nimefanya kazi hii karibu miaka thelathini sasa, na watu huniuliza kipi kibaya zaidi, simu za kisasa au mashine za kale. Huwa nawajibu kwamba mashine za kale zilikuwa nzito, za polepole na za kuchosha, lakini ziliingilika. Ulizifungua ukaona kilichoungua, ukakinusa hata. Hizi simu za leo zimegandishwa kwa gundi kana kwamba mwenye kuzitengeneza anaogopa tuone alichoficha. Hata hivyo kuna jambo moja halijabadilika. Mtu ananiletea simu imepasuka, analia kioo, kioo, kioo, na mimi namuuliza, "Ndani kuna nini ambacho hakiko mahali pengine?" Ananishangaa. Kisha anakumbuka picha za mamake, anakaa chini. Swali hilo sikulisoma popote, na sikufundishwa na Barasa. Naanza nalo kila kazi, hata mtu akija na tochi.

Katika miezi ile ya kwanza nilikuwa na furaha, lazima niseme hivyo. Nilipanga chumba mtaa wa Tuwan, chumba chenye dirisha moja lililotazama kamba za nguo za majirani, na nikilala nilinuka risasi na nilipenda harufu hiyo. Saa saba tulikula githeri kutoka kwa mama mmoja aliyekuja na sufuria amelifunga kwa blanketi, na Barasa alinipa parachichi lake kila mara akidai lina nyuzi. Wateja walipoingia waliniuliza fundi yuko wapi huku nimeshika chuma cha kulehemu mkononi. Barasa angesema, "Fundi ndiye huyo. Mimi ni mzee tu nimeketi." Na kompyuta zile zilizoletwa, karibu zote ziliugua ugonjwa mmoja: joto. Watu walizifunika. Nyumba ya heshima huku kwetu haiachi kitu cha thamani uchi. Kiti kina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, televisheni ina kitambaa chenye pindo la maua, na kompyuta ilipokuja ikafumiwa chake, kikubwa, kizito, kikafunika matundu yote ya kupumulia. Tuliwaambia waache. Waliitikia, wakaenda nyumbani, wakaifunika.

Mwalimu Simiyu wa Ndalu alikuja siku ya soko, mwezi wa tano, na kompyuta ndani ya gunia la mahindi. Alikuwa mwalimu mstaafu na katibu wa shirika lililonunua shamba kubwa la mzungu zamani, likawagawia wanachama. Miaka ya fujo za kikabila ofisi yao ilichomwa, na leja ya wanachama ikateketea na kila kitu. Mwalimu hakukata tamaa. Fujo zilipotulia alichukua daftari na baiskeli, akazunguka kwa kila mwanachama, wale waliobaki na wale waliokimbilia mjini, mpaka Bungoma, akaandika upya jina, nambari ya ploti na mipaka yake. Kisha shirika likapewa kompyuta, moja ya zile za kizamani kabisa ambazo hazikuwa na ghala la ndani. Kila ulichoandika kilikaa kwenye disketi, ile pana nyembamba ndani ya bahasha ya karatasi. Akaingiza orodha yote humo kwa kidole kimoja, miezi miwili. Alipomaliza, daftari alimpa mkewe akawashie jiko. Alitusimulia hili akicheka. "Sasa daftari ni ya nini bana, na kuna kompyuta?" Afisa wa ardhi alikuwa ameitaka orodha hiyo kabla mwezi haujaisha, ili hati zianze kutayarishwa. Kompyuta ilikuwa imekufa wiki iliyopita. Alichotaka kwetu kilikuwa kidogo: tumchapishie orodha kutoka kwenye disketi, halafu tuiangalie mashine kwa nafasi yetu. Aliniwekea disketi mkononi kwa mikono miwili. "Shika vizuri msichana. Ndalu yote iko hapo."

Barasa alikuwa na printa ya mtu imefunguliwa mezani na haikuwa ya kuachwa katikati. Mwalimu akaenda sokoni, akasema atarudi saa nane. Nikaanza na ile kompyuta. Kilikuwa kisa kilekile, kitambaa kilikuwa bado kimebanwa juu yake, kizuri ajabu, cheupe na kahawia, na ndani sehemu ya umeme ilikuwa imeungua hadi ikawa nyeusi. Nilitoa skrubu moja baada ya nyingine, nikaziweka kwenye sumaku. Na ile disketi, kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niishike vizuri, niliitafutia mahali pa usalama. Upande huu palikuwa na chai ya Barasa, upande ule chuma cha kulehemu cha moto. Mahali pakavu, pasafi, palipoinuka kidogo, palikuwa juu ya spika. Nikailaza hapo kwa uangalifu mkubwa, nikaendelea na kazi kwa saa mbili na zaidi. Nimerudia kitendo hicho kichwani mara nyingi, na kila mara namwona msichana mwangalifu.

Tulipoitia disketi kwenye kompyuta yetu, ilikoroma, ikakataa. Barasa aliitoa, akaifuta, akairudisha. Ikakataa. Kisha akaigeuza bahasha yake na kunitazama. "Uliiweka wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. "Hapo wapi, Nanjala? Sema." Nikasema juu ya sumaku, na nilipolitamka neno ndipo nilipoelewa, kwa sababu nilikuwa nimefundishwa darasani, niliwahi kulijibu swali hilo katika mtihani na nikapata alama zote. Disketi huhifadhi maandishi kwa sumaku, na sumaku kubwa huyafuta. Nilijua jambo hilo kwa mtihani. Mkono wangu ulijua la redio. Barasa alienda akafunga mlango, jambo ambalo hakulifanya mchana hata siku moja. Alisema kwa sauti ya chini, "Hii kitu imekuja ikiwa imeungua na joto. Ilikuwa ndani ya mashine ikichomeka. Umesikia?" Nikasema, "Lakini Mzee." Akasema, "Lakini nini? Ukisema ni wewe, kesho Kitale yote itasema ni mwanamke. Hakuna mtu atakuletea hata tochi. Wewe utarudi wapi?" Nilifurahi. Naona haya kuliandika neno hilo lakini ndilo lenyewe. Nilifurahi kwamba kuna mtu amenifikiria kiasi hicho.

Mwalimu aliporudi, Barasa alimweleza habari ya joto. Mzee alivua kofia, akaketi kwenye stuli. Hakuuliza hata swali moja kuhusu sisi. Angeuliza nini? Hicho ndicho nisichokipenda katika kazi yetu mpaka leo: tunachosema ndicho kilichotokea, kwa sababu mwenye mali hawezi kuangalia ndani. Alichukua kile kitambaa, akakikunja mikunjo midogo midogo. "Si ni Mama Sella alifuma na mikono yake," alisema, akimaanisha mkewe. "Nilimwambia afunike vumbi isiingie." Alikuwa ameshaamua kuwa ni nyumba yake iliyoiua Ndalu, na sikumwondolea mzigo huo. Barasa, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, na mpaka leo sitamwita hivyo, alisema, "Mwalimu, usijali. Nitakupea huyu msichana wangu wiki moja. Aende na nyinyi, muandike tena, akuje apige chapa hapa. Hautalipa kitu." Mwalimu alimshika mkono kwa mikono yake yote miwili na kumshukuru mpaka nikatazama pembeni.

Kwa hiyo nikaenda Ndalu kama mtu wa msaada. Nililala kwa Mwalimu, kwenye chumba cha binti yao aliyeolewa, chini ya kalenda ya miaka mitatu nyuma. Asubuhi tulitembea mipaka, Mwalimu na wanakamati wawili mbele, mimi nyuma na daftari. Mahindi yalikuwa yamefika kiunoni. Walisimama kwenye kila kona wakabishana kidogo kuhusu mti fulani au jiwe, wakakubaliana, nami nikaandika. Mchana tulikula ugali na kunde zilizoungwa maziwa, na Mama Sella aliniongezea kila nilipotazama pembeni. Alikuwa ameondoa vitambaa vyote sebuleni. Viti vilibaki vitupu, mbao zake zikionekana rangi mbili, pale palipofunikwa na pale palipopigwa na jua. Jirani alipomuuliza, alijibu, "Wacha tu. Hizo vitu zimeniletea aibu." Nilikuwa nimeketi hapo hapo, kijiko mdomoni.

Siku ya nne mvua ilituzuia. Wanaume walikuwa barazani na mimi nilikuwa sebuleni nikinakili majina kwa mwandiko safi. Jikoni, ng'ambo ya ukuta wa mbao, Mama Sella na jirani yake walikuwa wakichambua mboga. Jirani aliuliza, "Na ile ploti ya chini, ya karibu na mto? Si ilikuwa ya yule Mama Nyambura wa Bungoma?" Mama Sella akasema, "Shh. Kamati imesema hiyo ilipotea na mashine." Jirani akasema, "Na si Mwalimu alienda kwake na baiskeli akaandika?" Nilisikia majani yakikatwa. Kisha Mama Sella akasema, kwa sauti iliyochoka, "Shemeji yake Mwalimu amelima hapo misimu mitatu. Unataka nifanye nini mimi?" Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi. Mstari wa ploti ya chini, ya karibu na mto, ulikuwa na jina la mwanamume ambaye Mwalimu mwenyewe alinitajia siku iliyopita, akitazama upande wa mlima alipokuwa akitaja. Ningeweza kuinuka, hatua sita tu, nikaenda barazani na kuuliza: Mama Nyambura ni nani? Sikuinuka. Kama ningewauliza walichoficha, wangeniuliza disketi iliharibika vipi, nami sikuwa na uso wa kujibu. Uongo wangu ulikuwa umeniweka upande wao bila wao kujua. Nikakoza wino kwenye jina la yule mwanamume, nikaendelea na mstari unaofuata.

Nilipoondoka walinipa kuku, jike jeupe lililofungwa miguu kwa kitambaa chekundu, na kamati nzima ilinisindikiza. Nilipiga orodha chapa, Mwalimu akaipeleka ofisini siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi, ikapokelewa. Kuku yule sikumchinja. Nilimgawia mwenye nyumba wangu Tuwan, akaniuliza kama nina wazimu.

Mama Nyambura alikuja mwezi wa tisa. Aliingia karakana akiwa na mwavuli uliovunjika ubavu mmoja na kilemba kilichofungwa kwa nguvu, mwanamke mfupi wa miaka sitini hivi, na akasimama katikati ya chumba akitazama rafu. Barasa alimkaribisha kiti. Hakukaa. "Nimeambiwa ni hapa iko ile kompyuta ilinisahau," alisema. "Nataka kuiuliza." Kisha akaeleza, polepole, bila machozi. Yeye na mumewe walinunua hisa katika lile shirika tangu mwanzo. Mumewe alifariki kabla ya fujo, wakamzika pale, upande wa mto. Fujo zilipokuja alikimbilia kwa binti yake Bungoma, na karatasi zake ziliungua na nyumba. Mwalimu Simiyu alimfuata huko na baiskeli, akamwandika, akamwahidi. Juzi amekwenda Ndalu kuuliza hati, amekuta mahindi. "Wamelima mpaka juu ya mzee," alisema. "Msalaba hakuna. Mwalimu ananiambia mama, pole, ni mashine ilipoteza jina yako, na orodha imeshaenda." Aliuhamishia mwavuli mkono wa pili. "Na mimi ninajiuliza, ati labda sikukaa huko? Miaka kumi na minane? Usiku ninahesabu miti yenye nilipanda, nione kama bado ninaijua." Barasa alikohoa. "Mama, mashine ni mashine," alisema kwa upole. "Haiulizwi." Basi yule mama akaisogelea kompyuta yetu, iliyokuwa imewashwa, akainama kidogo mbele ya skrini na kusema, "Mimi ni Nyambura, bibi ya Njoroge. Ploti ya chini, kwa mto." Sikujua kama alikuwa anatudhihaki au la. Alisimama hivyo akingoja, na mimi sikuweza tena.

"Mama, ni mimi," nilisema. "Kompyuta haikukusahau. Orodha ilikuwa na jina lako, niliifuta mimi, niliiweka juu ya sumaku ile pale. Halafu walipoandika ingine walikuruka, na mimi nilisikia jikoni, nikanyamaza." Barasa aliniita jina langu mara moja, kwa onyo. Mama Nyambura alinigeukia. Akauliza, "Sasa ukisema ni wewe, shamba inarudi?" Nikasema sijui. "Basi unaniambia kwa nini?" Nilikuwa nalia. Nilisema tu kwamba usiku asihesabu miti tena, kwa sababu alikaa huko. Hapo ndipo alipokubali kiti. Alikaa, akauweka mwavuli magotini, akasema, "Sema tena yote. Pole pole. Na unitaje jina."

Alipoondoka, Barasa alirudi kwenye printa aliyokuwa akiitengeneza, akafanya kazi mpaka saa kumi. Kisha akasema, "Nilikuwa nakufunika wewe." Nikamwambia najua. Akasema, "Sasa umenivua mimi." Nikamwambia nataka tuandike barua kwa afisa wa ardhi, tutie sahihi wote wawili, kwa kuwa jina lake lilikuwa na uzito na langu halikuwa na lolote. Alikataa. Alisema ana watoto shuleni, ana wateja kutoka Kapenguria mpaka Webuye, na wote wanaleta vitu vyao kwa sababu anachosema Barasa kinaaminika. Nilitaka kumwambia kwamba ndiyo maana namwomba. Sikusema, maana macho yake yalikuwa mekundu na sikuwahi kuyaona hivyo. Kesho yake nilimpelekea funguo. Alinipa bisibisi zake ndogo, zile nzuri zenye mipini ya manjano, akasema parachichi la leo kweli lina nyuzi. Hatukuonana tena ana kwa ana, na alikuwa mwalimu bora niliyewahi kupata. Sijaweza kuyaweka mambo haya mawili katika sentensi moja bila mkono kusita.

Barua niliiandika kwa kalamu, kurasa nne, na nikampelekea Mama Nyambura Bungoma. Alikuwa akikaa chumba cha kupanga nyuma ya nyumba ya binti yake, kitanda, jiko la makaa, mtungi, na dirishani mche wa parachichi kwenye kopo la mafuta ya kupikia. Aliniwekea chai na nduma, akaniambia nisome. Nilipomaliza akaniambia nisome tena. Mara ya tatu alinisimamisha kwenye maneno ya jikoni. "Kwa hivyo sikusahauliwa," alisema. "Nilitolewa." Nikasema ndiyo. Alitikisa kichwa taratibu akitazama mlango. "Hiyo naweza kubeba," alisema. "Ile ingine ilikuwa inanimaliza." Tuliipeleka barua pamoja. Karani aliisoma yote kwa heshima, hilo namshukuru, akatuambia kwamba kubadilisha orodha kunahitaji sahihi za kamati. Tulikwenda Ndalu mara mbili. Mwalimu Simiyu alitupokea barazani, akatupa chai, na hakutia sahihi. Nilimwambia mbele ya mkewe kwamba si kitambaa kilichoifuta orodha ila ni mimi. Mama Sella aliinuka akaingia ndani, na tulipokuwa tunaondoka nilimsikia akilia, nisijue kama ni kwa nafuu au kwa hasira.

Mama Nyambura alifariki mwaka uliofuata, msimu wa kuvuna. Nilikuwa nimehamia Bungoma, nikikodi meza kwenye duka la vitabu, na binti yake alikuja mwenyewe kuniambia. Walipeleka ombi Ndalu azikwe kando ya mumewe. Jibu lilikuja kwa mdomo, kwamba shamba lina mwenyewe. Kwa hiyo tulimpeleka kwenye makaburi ya mji, ambako huku kwetu hupelekwa mtu asiye na kwao. Tulikuwa watu kama ishirini, wengi wao wa kanisa la binti. Mchungaji alikuwa kijana, hakumjua marehemu. Aliuliza kama kuna mtu wa kutoka nyumbani kwake ambaye angesema neno. Hakukuwa na mtu wa Ndalu hata mmoja. Nilisogea mbele, nikasimama ukingoni mwa kaburi, nikasema kwamba marehemu alikuwa mwanachama wa shirika tangu mwanzo, ploti yake ni ile ya chini, kwa mto, mumewe Njoroge amelala hapo, na jina lake lilikuwa kwenye orodha mpaka siku nilipolifuta mimi, Nanjala, kwa mkono wangu. Nilisema yote, polepole, na nikamtaja jina. Watu wale walikuwa wameinamisha vichwa na kufumba macho. Nilipomaliza waliitikia "Amina" kwa pamoja, wakidhani nimeomba, wakachukua majembe wakaanza kumfukia.